Mukwe Alikufia kwa Nyota

Juma tatu, 3 Machi

Dokta amekuya asubui. Amechoma Madame sindano ya sikio. Madame amelia mupaka kuku ya jirani ikapanda kwa nyumba. Damu kidogo tu, kichupa moja. Mimi ningelia zaidi.

Madame ni nguruwe yangu jike. Nilimupata kwa mitualite yetu ya bamama, kile chama ya kusaidiana. Ukipewa jike, akizaa unatoa batoto mbili kwa mama mwenye anafuata. Yeye pia vilevile. Sasa karibu kila nyumba ya hapa kwetu, kambi ya bakimbizi, iko na nguruwe. Dume ni moja tu kwa wote. Tunamuita Mukwe, juu anatembea nyumba kwa nyumba kazi yake ni kuoa tu, na fasi yote anafika lazima apokelewe kama mukwe. Kumupa maganda siku anaondoka ni haya. Batakutangaza.

Kaye hii, daftari ya kuandikia, Dokta njo alinipa. Mbele naandika ile nguruwe banakula, kila siku, na kama beko bazima. Bamama bengi hapa hawajue kuandika. Mimi nilifika mwaka ya ine ya primeri, basi nikachaguliwa. Nyuma naandika ile yangu. Dokta hafikake nyuma.

Yeye anafuata ile homa ya nguruwe, yenye haina dawa, haina chanjo. Anasema ndani ya kigonjwa kuko maandishi. Kikipita nguruwe mingi, herufi moja inabadilika, kiisha ingine. Ukisoma unajua hiki ni mutoto ya kile. Anachukua damu ya kwetu hapa, ya Mbarara mujini, na ya nguruwe ya pori kule upande ya banyama. Nikamuambia, Dokta, basi kazi yako ni kama yangu: kutafuta nani alizaa na nani. Alicheka mupaka akaweka sindano chini.

Ni Munyankore, mutu ya hapa Uganda, lakini Swahili anajua. Alizaliwa Makenke, kambi ya baaskari ya Mbarara, baba yake alikuwa askari, basi Swahili yake ni ya kuamuru, na kila mama anamuita Nyabo. "Nyabo, shika! Hapana achilia!" Leo amerudilia ile ya kila mwezi: hapana kupa nguruwe mabaki ya nguruwe. Hata mufupa. Hata maji ya kuosha nyama. "Wewe iko naelewa?"

Naelewa. Nani haelewe.

Alamisi, 6 Machi

Mukwe amefika. Mama Sifa, prezidante yetu, amemuleta na kamba, yeye mwenyewe amevaa nywele mupya ya kununua. Mukwe na Mama Sifa, sikujua nani anaenda kuoa.

Madame amemukataa. Amemuuma sikio. Kesho atakubali.

Baba Asifiwe ameenda shamba bila kusema neno. Huyu bwana wangu akisema maneno kumi kwa siku moja, mvua inanyesha.

Juma tatu, 10 Machi

Nimerudi. Miguu inaniuma, shingo inaniuma, lakini roho iko mweupe.

Jana mutoto ya binti yangu Asifiwe alibatizwa. Tulikuwa Nyamitanga, kule Mbarara mujini, kwa bazazi ya bwana yake. Mutoto amepewa jina yangu! Mukwe wangu, mukwe ya kweli, ile ya miguu mbili, alikuya na baaskari benzake ba Makenke. Beko banacheza kama banapiga gwaride. Nilicheza nabo. Mama ya huyu mukwe, yeye hakusimama hata kidogo, amekaa kama gunia ya chumvi. Nimeona kila kitu. Nitabaambia bamama kesho kwa bomba ya maji.

Bachoma nguruwe mbili. Asifiwe amenifungia mufuko ya nyama mubichi, miguu na mifupa mingi. Nimeosha hapa nyumbani, maji imekuwa nyekundu.

Kesho Nyota, mama mwenye anafuata kwa zamu, anakuya kuchukua Mukwe. Siwezi kumuachilia aende na maganda ya ndizi kwa tumbo. Batasema kwa Mama Asifiwe banashinda njaa. Nimemumwangia ile maji, na mifupa juu. Amekula kama mutu mwenye alitoka vita. Madame amelamba mwisho.

Mbele ya kaye nimeandika: maganda ya muhogo, maganda ya ndizi. Dokta iko na roho ndogo. Tumupumuzishe.

Juma ine, 11 Machi

Nyota amekuya mapema. Ameingia mwenyewe kwa kiraro, amefunga Mukwe kamba, hakutaka nimusaidie. Ni mutu ya kimya. Tulitoka Mwenga, kwetu Kongo, siku moja, gari moja, yeye na bwana yake, mimi na wangu. Wake alifia hapa. Anakaanga mikate anauzisha kwa njia. Ananiita Yaya, dada mukubwa, na mimi kweli ni yaya wake, juu dada ya damu hakubakia.

Kwa bomba nilieleza habari ya ubatizo mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa tamu kupita zote.

Juma tatu, 17 Machi

Mukwe hakule. Nyota amekuya kuniambia. Amelala pembeni, masikio nyekundu. Nilimuambia ni uchovu ya harusi. Hakucheka.

Nilienda kumuona. Ameniangalia na macho ya mutu.

Alamisi, 20 Machi

Mukwe amekufa. Damu kwa pua. Tumbo imekuwa na rangi ya ndizi yenye kuoza.

Bamama wote kwa Nyota. Kila mutu anauliza imetoka wapi, imetoka wapi. Mama Sifa analia kama amefiwa na kaka. Dokta alifika na koti ya nailoni, amemupasua Mukwe, akatoa bandama. Ilikuwa kubwa, nyeusi. Amekata kipande akatia kwa kichupa. Kiisha tukachimba shimo refu.

Hapo njo nilikumbuka Sadoki. Huyu ni shemeji ya Nyota, mudogo ya marehemu. Anapoteaka upande ya pori siku mbili, siku tatu. Juma iliyopita nilimuona anapita na gunia ya kuloa, damu inatonya. Nikasema. Sikusema anawinda. Nilisema tu niliona.

Mama Sifa akauliza: nguruwe ya pori?

Nikasema, mimi sikufungua gunia.

Juma mosi, 22 Machi

Jike ya Nyota amekufa pia, na batoto yake sita.

Kulikuwa mukutano. Bote bako bashajua habari ya gunia. Ile habari nilitoa Alamisi ikiwa na mukia tu, leo imerudi na kichwa na pembe: ati Sadoki anakaushia nyama ya pori kwa jiko ya Nyota, ati Mukwe alilishwa mifupa ya pori. Sadoki amesema ilikuwa samaki. Mama moja akapiga kelele: samaki gani anakuwa na damu ya ndoo?

Nyota aliulizwa. Akasema, sikumupa Mukwe nyama. Basi. Aliniangalia. Nilijua anataka niseme kitu, mimi yaya wake. Nilikuwa natafuta la kusema, Mama Sifa akapita mbele.

Bamemutoa kwa mitualite. Mikono yote ilipanda. Yangu ilipanda nusu.

Siku ya Mungu, 23 Machi

Madame anatetemeka.

Juma tatu, 24 Machi

Madame amekufa asubui, mbele ya chai. Batoto bake bane ba uzazi uliopita, benye nilikuwa nimeahidi bamama bengine, bote beko banahema.

Nimelia kama mujinga. Bamama bamekuya kunipa pole. Bakasema, angalia Nyota amekufanya nini. Wamenishika mikono. Mama Sifa amenipikia uji.

Niliinywa.

Juma tano, 26 Machi

Hakuna nguruwe tena kwangu. Kiraro iko kimya. Sikujua kelele yabo ilikuwa inanisaidia.

Nimekaa pale leo nafikiri. Niliesabu siku na vidole. Mukwe alikula ile mifupa tarehe kumi. Aliacha kula tarehe kumi na saba.

Hapana. Nyama ilikuwa muzuri. Sisi wote tulikula, hakuna mwenye aligonjwa. Dokta mwenyewe anasema hii homa haishike batu. Basi nyama ilikuwa muzuri.

Nimeesabu tena.

Juma mosi, 5 Aprili

Nguruwe imekufa nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Sifa yote. Kwa mama moja mujane mwenye alikuwa anangojea mutoto ya Madame, hata hakupata ya kufa.

Mashimo inanuka. Mibwa inachimbua. Baba Asifiwe amebeba udongo siku mbili kufunika ya bengine. Hakuna mwenye alimutuma.

Nyota iko kwa njia na mikate yake. Batu banapita. Zamani saa ine ilikuwa imekwisha. Leo saa munane sahani imejaa. Nilipita upande ingine ya njia. Nilijifanya natafuta kitu kwa mufuko.

Ijumaa, 11 Aprili

Hamu ya kusema iliisha. Kwa bomba bananiuliza habari, nasema siko na habari. Mama Sifa anasema huzuni ya Madame imenipiga. Ananiombea.

Siku ya Mungu, 13 Aprili

Kanisani Nyota aliketi benchi ya mwisho. Hakuna mwenye aliketi naye. Benchi nzima, mutu moja. Aliimba.

Niliketi mbele.

Juma ine, 29 Aprili

Dokta amerudi na majibu. Niandike yote sawasawa.

Alituita kwa baraza ya Mama Sifa. Nyota hakuitwa. Dokta alifungua karatasi, mistari inatoka kwa mistari, kama ukoo. Akasema maandishi ya kigonjwa ya Mukwe imesomwa yote. Akaweka kidole: hii ni ile tulitoa kwa nguruwe ya pori. Iko huku, mbali. Na hii ni ile ya nguruwe ya Mbarara mujini. Iko huku. Na ya Mukwe?

Akaleta kidole karibu na ile ya Mbarara. Karibu sana. Kama batoto ya mama moja.

"Ile ya mujini iko na alama, kipande moja imekatika. Ya Mukwe imekatika hapo hapo. Herufi moja tu imebadilika. Ile ya pori hapana hiyo alama. Hapana kabisa. Hii kitu haikutoka pori."

"Sasa musema. Nani alileta nyama ya nguruwe kutoka Mbarara?"

Bamama baliangaliana. Mimi niliangalia miguu yangu. Dokta alifungua kaye yangu, mbele, akasoma kwa sauti: kwa Mama Asifiwe, maganda ya muhogo, maganda ya ndizi. Akaniambia, "Nyabo, wewe unaandika vizuri. Kama wote banaandika hivi, kazi yangu inakuwa rahisi."

Kiisha Mama Sifa akasema, labda Nyota alinunua mujini.

Na mimi nikasikia furaha. Kidogo, kama mutu amekuondolea jiwe kwa kiatu. Naandika juu hakuna mwenye anasoma hapa. Nilisikia furaha.

Juma tano, 30 Aprili

Sikukula.

Wote banajua nilienda Mbarara. Nilieleza mara tatu kwa bomba, na nyama, na ngoma, na kila kitu. Hakuna mwenye amekumbuka. Ao banakumbuka na hawataki kunitia aibu, juu mimi ni Mama Asifiwe, anachekesha batu. Nyota hachekeshe mutu. Njo maana.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemuambia Baba Asifiwe. Yote. Mufuko, maji nyekundu, mifupa, kaye.

Alikuwa ananoa jembe. Aliendelea kunoa. Kiisha akasema: nyamaza. Nguruwe ya fasi yote imekufa. Bakijua ni sisi tutaenda wapi? Tushakimbia mara mbili. Mara ya tatu sina miguu.

Ile ilikuwa maneno mingi kwake. Mvua haikunyesha.

Nimeona iko na woga. Miaka yote sikuonaka huyu mwanaume na woga, hata njiani tukitoka.

Juma ine, 6 Mei

Mama Sifa anasema Nyota ameomba ruhusa aende Kyaka, kambi ingine, kwa binamu yake. Mama Sifa amesema hiyo na furaha, kama mutu ameona mwizi anatoka. Sadoki ashaondoka. Nyota anauzisha masufuria.

Nilienda mupaka kwa mulango yake. Nilisikia iko ndani, anapanga bitu. Nilisimama. Nikarudi.

Mimi mwenye mudomo! Mimi mwenye nilikuwa naingia nyumba yoyote bila kubisha!

Alamisi, 8 Mei

Nimempigia Dokta simu. Nilimuambia.

Akasema, "Nyabo, kwa nini ulificha?" Nikasema, ulikuwa umekataza. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Hakunitukana. Ningetaka anitukane na ile Swahili yake ya Makenke. Alisema tu nifute ile ya uongo mbele ya kaye, niandike ya kweli, na tarehe. Eti bila ile siku yangu, mistari yake yote inasema ugonjwa imetoka mujini lakini haiseme imepita njia gani. Na asiyejua njia, ugonjwa itapita tena.

Nimefuta muhogo. Nimeandika: maji ya kuosha nyama ya Mbarara, na mifupa.

Juma mosi, 10 Mei

Mukutano. Sikumuambia Baba Asifiwe naenda kusema. Nilisimama.

Nilisema: bamama, Mukwe aligonjwa kwangu. Nilimulisha mifupa ya nguruwe ya Mbarara, siku ya mwisho, nimuage vizuri. Nyota alipokea mugonjwa. Na habari ya gunia ni mimi niliitoa.

Nilikuwa tayari. Nilifikiri batanipiga.

Mama Sifa njo alisema wa kwanza. "Sasa, Mama Asifiwe. Na wewe ungefanya nini? Kumupa mukwe maganda?"

Mama moja akacheka. Kiisha mwingine. Ingine akasema hata yeye alishamupa Mukwe mifupa, ni ile tu yake haikuwa na ugonjwa. Ingine akasema na mimi. Na mimi. Ingine akasema, Madame pia alikufa, wewe ushaazibiwa. Mama mujane, yeye mwenye hakupata mutoto ya Madame, hakucheka, lakini alisema pole.

Wamenisamehe. Wakati ya kuchambua sahani moja ya maharagi, basi imekwisha.

Nikasema, na Nyota? Tumuite. Turudishe mikono yetu chini.

Mama Sifa akakunja kitenge yake. Akasema Nyota ashapanga safari, tumuache aende kwa amani. Mwingine akasema, hata kama haikuwa nguruwe, na ile gunia? Ilikuwa nini kweli? Moto hautoke fasi hakuna moshi.

Ni moshi yangu! Nilipiga kelele: ni moshi yangu! Baliniangalia na huruma. Bakasema nikae chini nipumuzike.

Nimejua leo kitu. Nilifikiri maneno yangu yako na nguvu. Ya kumuangusha mutu, ndiyo. Ya kumusimamisha, hapana.

Siku ya Mungu, 11 Mei

Kanisani niliketi benchi ya mwisho. Nyota hakukuya. Nilikuwa mutu moja pale.

Kiisha nikaenda kwake. Mara hii nilibisha.

Nyumba haina kitu. Mikeka mbili imefungwa, sufuria ya mikate, Biblia. Alinipa bidon ya maji ya kukalia, yeye akakaa chini. Nilianza kusema, nikalia, nikaanza tena. Mukwe, mufuko, maji. Alingojea nimalize.

Akasema, "Nilijua."

Nilifikiri sikusikia muzuri.

Akasema, ile asubui nilikuya kumuchukua, niliingia mwenyewe kwa kiraro. Mifupa ilikuwa kwa sinia yake. Niliiona. Nilikuwa nataka kukuambia, Yaya, hii Dokta alikataza. Nikaona haya. Ulikuwa na furaha ya jina ya mutoto.

Na kwa mukutano? Nilimuuliza, kwa mukutano mbona ulinyamaza? Ungesema hapo hapo!

Alikuwa anafunga kamba ya mukeka. Hakuinua kichwa. "Wewe njo ulikuwa unasema. Mimi nani angenisikia? Nikakungojea. Nilijua Yaya atasema. Nikangojea siku ile. Nikangojea ile ingine."

Kiisha akasema, "Ile ya gunia sikukasirika. Ulisema ile uliona. Lakini mukono, Mama Asifiwe. Niliangalia mukono wako."

Hakusema Yaya.

Nilimuambia nimesema jana mbele ya bote. Akasema alisikia. Nilimuambia asiende, nitazunguka nyumba kwa nyumba, nitawaeleza moja moja. Akasema, usizunguke tena. Hakusema na hasira. Aliniomba, kama mutu anaomba maji.

Juma ine, 13 Mei

Nyota ameenda. Baba Asifiwe alimubebea mikeka mupaka kwa gari. Sikumutuma. Alirudi akakaa kwa kiraro tupu, mukono kwa kichwa.

Mimi nilikuwa shamba. Niliona vumbi ya gari kutoka mbali. Nikaendelea kulima mupaka ikashuka.

Juma tatu, 19 Mei

Asifiwe amepiga simu. Mutoto ameanza kucheka. Ati anacheka bila sababu, kama mimi. Nikasema asante. Akaniuliza, mama, uko mugonjwa?

Alamisi, 29 Mei

Dokta amepita. Hakuna damu ya kuchukua, alikuya tu kuangalia mashimo na kutufundisha kumwanga chokaa. Alisema tusirudishe nguruwe haraka, kigonjwa kinaweza kubakia. Mama Sifa alimuuliza tungoje mupaka lini. Akasema miezi. Mama Sifa akalia.

Bamama bananipigia makofi nikifika kwa bomba. Banataka nibachekeshe. Banasema tangu niache kusema siku imekuwa ndefu. Ninajaribu. Ninasema kitu, banacheka, na mimi nasikia sauti yangu kama ya mutu mwingine mwenye simupende.

Usiku nalala muzuri. Hiyo njo inaniogopesha.

Juma mosi, 14 Juni

Nyumba ya Nyota imepewa mama mupya. Mukongomani, ametoka Fizi, batoto watatu na mama mukwe kipofu. Hajue mutu hapa.

Nilimupelekea moto na chumvi. Tuliketi inje. Bamama bengine bashapita kwake mbele yangu, nimeona hivyo kwa macho yake, juu aliniuliza polepole: ati humu alikaaka mwanamuke gani? Eti alileta ugonjwa?

Nilimueleza. Sikuweka ngoma, sikuweka kicheko. Nilianza kwa jina ya Nyota, na ile mikate yake, na gari yenye tulipanda pamoja. Kiisha nikasema ile nililisha, ile niliandika, ile mukono ulifanya. Nikamuambia wamama batakuambia ingine, na bako bengi, na mimi niko moja.

Alisikiliza mupaka mwisho. Mutoto yake mudogo alikuwa anachezea vumbi katikati yetu.

Kiisha akaniuliza fasi ya kuchota maji.

Nikasimama nikamuonyesha njia ya bomba.